Usiivishe Celica Viatu vya Subaru

Leo ningependa nizungumze na vijana wanaopenda magari ya spoti ya zamani, pamoja na wazazi wao, kwani hao ndio huitwa kulipa mambo yakiharibika.

Hapa mtaani Lucky Summer ninaye jirani, kijana wa chuo, aliyejinyima hadi akanunua Toyota Celica ya mapema miaka ya tisini. Simlaumu. Wengi wetu tungali tunakumbuka Safari Rally ya mwaka wa 1994, Mkenya mwenzetu Ian Duncan aliposhinda akiendesha Celica. Lakini Toyota iliacha kuunda gari hilo mwaka wa 2006, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka minane. Kwa hivyo rimu ikipindwa na shimo, huna budi kutafuta ya mtumba kule Grogan au Kariobangi Light Industries.

Ndivyo alivyofanya kijana wetu. Alipata rimu nne maridadi zilizotolewa kwa Subaru Impreza ya miaka hiyo hiyo. Matundu matano, stadi tano, zikaingia bila taabu. Fundi mmoja mzee alimwambia, "Kijana, kuingia si kukaa." Hakusikia. Jioni moja akiwa Outering Road pamoja na dadake mdogo, usukani ulianza kutetemeka. Aliposimama kando na kuangalia, nati tatu za gurudumu la mbele zilikuwa zinazungushwa kwa vidole! Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu; huyu nusura avunjikiwe na gurudumu, na mtoto wa watu ndani.

Kosa lilikuwa wapi? Tulipime pamoja, msomaji.

Kwanza ni mzingo wa stadi, ambao mafundi huuita PCD. Huu ni upana wa duara linalopita katikati ya stadi zote. Celica ya wakati huo na Impreza hiyo zote zina stadi tano kwenye mzingo wa milimita 100. Hapo kijana hakukosea. Lakini kuna Toyota nyingi zenye stadi tano kwenye mzingo wa milimita 114.3, na macho hayawezi kutofautisha. Chukua rula, upime kutoka katikati ya stadi moja hadi katikati ya stadi inayoifuata. Ukipata karibu milimita 59, mzingo ni 100. Ukipata karibu 67, ni 114.3. Hizi mbili haziolewani kamwe, hata muuzaji akikuapia.

Pili ni tundu la katikati ya rimu, linalokaa juu ya habu. La Celica ni milimita 54.1, la Subaru 56.1. Kwa hivyo rimu ya Subaru huingia kwenye Celica lakini huacha mwanya wa milimita moja pande zote, na gurudumu likikaa kando kidogo, usukani hutetemeka. Dawa yake ni pete maalumu ya kuziba mwanya huo. Ukigeuza mambo, rimu ya Celica haiingii kabisa kwenye habu ya Subaru.

Tatu ni nati, na hapa ndipo hatari ilipokuwa. Rimu za alumini za kiwandani za Toyota hutumia nati zenye shingo ndefu na washa bapa. Rimu za Subaru hutaka nati zenye ncha ya pia. Kijana alitumia nati zake za zamani, na washa bapa ikagusa ukingo tu wa tundu. Nati ya namna hiyo hulegea gari likitikisika. Wala usikimbilie nati za Subaru, kwa kuwa meno yake ni ya 1.25 na ya Toyota ni 1.5; ukilazimisha utaharibu stadi. Kinachotakiwa ni nati za pia zenye meno ya Toyota.

Nne ni ofseti, namba ambayo mara nyingi huchapwa mgongoni mwa rimu baada ya herufi ET. Huonyesha rimu imekaa ndani au nje kiasi gani. Ukitoka 45 ukaenda 30, upana wa rimu ukiwa ule ule, gurudumu litatokeza nje milimita 15. Litakwaruza fenda kila unapopanda tuta ukiwa na abiria, na beringi zitaumia. Ofseti ikizidi, tairi litasugua shokabzoba.

Tano ni kimo cha tairi. Tairi la 195/60 R14 lina kimo cha milimita 590 hivi. Ukitaka rimu ya inchi 15, tafuta 205/50. Ya inchi 16, tafuta 205/45. Ukiweka 205/55 R16 kimo hufika 632, na mshale ukionyesha kilomita 100 kwa saa, wewe unakwenda 107. Pia kumbuka kwamba barabara zetu zina mashimo, na tairi jembamba halina mto wa kulinda rimu.

Kabla hujatoa pesa, izungushe rimu uone kama imepinda, na uitazame upande wa ndani kama imechomelewa. Ukishafunga, kaza nati kwa mtindo wa nyota, si kwa kuzunguka. Toyota hutaka nguvu ya Newton-mita 103, kwa hivyo mtafute fundi mwenye spana ya kupimia. Ukishakwenda kilomita 80 au 100, zikaze tena.

Kijana wetu alinunua nati ishirini na pete nne. Alitumia pesa kidogo kuliko alizotumia kupaka rimu rangi. Gari sasa limetulia, na dadake amekubali kupanda tena, ingawa huzihesabu nati kwanza.