Mtoto Huyo Hana Pepo, Amehamishwa



Jumatano iliyopita baada ya maombi, mama mmoja alinisubiri kando ya madhabahu akiwa amemshika mkono kijana wake wa miaka 4. Akaniambia, "Pasta, muombee huyu. Kuna roho imemwingia." Nikamuuliza ameonaje. Akasema mtoto alikuwa ameacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena. Usiku anaamka akipiga kelele. Asubuhi akiona sweta ya shule anaingia chini ya meza. Na maneno yamemwisha, haongei kama zamani.

Nilimuombea. Kumuombea mtoto sitakataa hata siku moja. Lakini kabla sijaweka mkono juu ya kichwa chake nilimuuliza mama maswali machache, na majibu yake ndiyo yamenifanya niandike leo.

Mtoto huyu amelelewa na shosho yake kule Kuresoi tangu alipoachishwa kunyonya. Mwisho wa Desemba akateremshwa Nakuru, chumba kimoja Kaptembwo. Akakuta mtoto mchanga ambaye hakuwa amemwona, na baba aliyekuwa akimsikia kwa simu tu. Shule zilipofunguliwa Januari akapelekwa PP1. Kwa shosho wanaongea Kikalenjin. Darasani ni Kiswahili na Kiingereza. Sasa hesabu na mimi: nyumba mpya, kitanda kipya, lugha mpya, mama ambaye ni kama mgeni, ndugu aliyechukua mapaja ya mama, na shule juu yake. Yote hayo ndani ya siku 10, na hakuna aliyemweleza kitu. Wewe mtu mzima ukiamshwa asubuhi upakiwe kwa matatu hadi Lodwar, uambiwe huku ndiko kwenu sasa, utalala?

Naandika kama mtumishi anayeamini mapepo yapo na yanatoka kwa jina la Yesu. Ndiyo maana nasema tusimpe shetani sifa ya kazi iliyofanywa na matatu ya Kuresoi. Na usisahau mtoto ana masikio. Ukisema mbele yake kwamba ana roho chafu, hiyo ndiyo habari atakayoondoka nayo kanisani: si kwamba nimehamishwa, ni kwamba mimi ni mbaya.

Fungua 1 Samweli, sura ya kwanza na ya pili. Tumehubiri sana juu ya nadhiri ya Hana, lakini angalia alivyompeleka mtoto. Mumewe alipopanda kwenda Shilo, Hana alikataa kuandamana naye mpaka mtoto aache kunyonya. Wakati ulipofika alimpeleka yeye mwenyewe, hakumtuma na mtu. Halafu kila mwaka alimshonea Samweli kanzu ndogo akamletea. Hiyo kanzu hunigusa sana. Hakuwa na mtoto nyumbani wa kumpima. Alishona kwa kukisia: mwaka umepita, mabega yameongezeka kiasi gani? Samweli alikuwa katika kazi ya Mungu kabisa, chini ya kuhani, na bado alihitaji kitu kutoka nyumbani cha kuvaa mwilini.

Sasa niseme langu. Kifungua mimba wangu alipoanza nasari, tulifika getini akanishika suruali. Mwalimu akaninong'oneza, "Pasta, toroka akiangalia bembea." Nikatoroka. Nilijiona mjanja mpaka jioni. Kwa miezi kadhaa yule msichana hakuniacha hata niende choo peke yangu, anasimama mlangoni akiniita kila dakika. Nilikuwa nimemfundisha kwamba akigeuza macho kidogo, baba anapotea. Hilo somo lilichukua muda mrefu kufutika kuliko ule wimbo wa herufi waliokuwa wanafundishwa.

Mpendwa, usitoroke. Muage. Atalia, ndiyo. Machozi ya mtoto aliyeagwa ni afadhali kuliko ukimya wa mtoto aliyedanganywa. Na ukimwambia utarudi, usimwambie "narudi saa hii" wakati unaenda mpaka jioni. Mtoto wa miaka 4 hasomi saa, lakini anajua uji, anajua kulala mchana. Mwambie, "Mtakunywa uji, mtacheza, mtalala, mkiamka mimi nakuja." Halafu uje. Kama kazi itakuchelewesha, sema ni nani atakuja, na awe mtu anayemjua.

Wengine wataniambia hayo ni mambo ya wazungu, watoto wetu ni wagumu. Kuna mtafiti aliyeitwa Mary Ainsworth. Mwaka 1954 na 1955 alikuwa Uganda, akitembelea familia 26 za Waganda karibu na Kampala, anaketi tu na kutazama akina mama na watoto wao wachanga. Kitabu chake juu ya watoto wale kilitoka mwaka 1967. Aliona mtoto akitambaa kumwacha mama, anakwenda kuchunguza, anarudi kwa mama, anakwenda tena. Mtoto mwenye uhakika kwamba mama yupo ndiye anayethubutu kwenda mbali. Hayo yalitazamwa hapa kwetu, Afrika Mashariki, kabla ya Uhuru. Kwa hiyo anayekung'ang'ania getini hajadekezwa. Anauliza swali moja tu: ukienda, utarudi?

Najua dada zangu wa mashamba ya maua kule Naivasha mnasoma haya mkitikisa kichwa. Maua ya Valentine yakikaribia, mnaondoka Karagita kabla jua halijachomoza, mtoto anabebwa mgongoni akiwa amelala na kuachwa kwa mama wa kulea watoto. Anaamka kwenye nyumba nyingine, sura nyingine. Siwahukumu, kodi haingoji. Naomba dakika 5 tu. Mwamshe kidogo, aone unayemkabidhi, asikie sauti yako ikisema unaenda. Mwachie leso uliyojifunga jana, na usiifue kwanza. Harufu yako ndiyo kanzu ya Hana.

Na akina baba, tuache hii ya "wanaume hawalii." Yesu alimlilia Lazaro akijua kabisa anaenda kumfufua.

Sisi wa Bonde la Ufa hatuwezi kusema hatujui kuhamishwa. Mwaka 2008 uwanja wa maonyesho hapa Nakuru ulijaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Watu wazima waliandikwa majina na kuulizwa walikotoka. Mtoto aliyeuliza mbuzi wake yuko wapi aliambiwa anyamaze, wakubwa wana shida. Waliokuwa na miaka 4 wakati ule, wengine sasa ni wazazi. Aprili 2024 mafuriko yalipopita Mai Mahiu usiku, tukapeleka unga na blanketi, na tulifanya vizuri. Lakini nani aliketi chini na mdogo akamwambia, kwa maneno anayoyaelewa, kwa nini nyumba haipo?

Neno kwa makanisa yenye nasari, na letu limo. Mwalimu akipata kazi kwingine katikati ya muhula, tunawaandikia wazazi ujumbe, tunatafuta mwingine, Jumatatu watoto wanakuta sura mpya. Hakuna aliyewaaga. Kwa mtoto wa PP1, mwalimu aliyetoweka hivyo hana tofauti na aliyekufa. Watoto wapya nao tunawapokea wote siku moja, 40 wanalia kwa pamoja, na mwalimu ni mmoja. Tunashindwaje kuwaingiza wachache wachache, mzazi akae nao asubuhi ya kwanza? Na mwalimu amuulize mzazi mtoto anaitaje maji kwa lugha ya kwao, anaitaje choo. Mtoto asiyejua kuomba choo atajikojolea, halafu tutasema ana pepo.

Nisieleweke vibaya. Kama wiki zinapita na mtoto hali, analia mkojo ukimuuma, au anaogopa mtu fulani kila anapomwona, mpeleke hospitali, na uulize kwa makini kama kuna anayempiga au kumdhuru. Kuomba na kuchunguza vinaenda pamoja.

Yule mama wa Kaptembwo tulikubaliana ampigie shosho kila jioni, mtoto azungumze naye Kikalenjin mpaka achoke. Jana alinitumia ujumbe. Kitanda bado kinalowa. Lakini mtoto alimwambia shosho kwenye simu kwamba shuleni kuna bembea, na kwamba yeye hajaipanda bado.

Jumapili hii darasa dogo la shule ya Jumapili linabadilisha mwalimu. Wazazi, njooni saa mbili kasorobo badala ya saa mbili, mkae na watoto ndani. Mwalimu anayeondoka atakuwepo, na atawaaga yeye mwenyewe, mmoja mmoja kwa jina.