Kuunguza mishipa ya fahamu: fedha ya umma itangulie wapi?

Maumivu ya mgongo si maradhi ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa wakiumwa mgongo wa chini, na kwamba ifikapo mwaka 2050 watakuwa milioni 843. Hapa Visiwani mkulima wa mwani anayeinama majini, mchukuzi wa bandarini na mvuvi wa nyavu wanayajua hayo bila ya kusomewa takwimu.

Katika nchi tajiri imeenea tiba ya kuunguza mishipa ya fahamu. Daktari, akiongozwa na picha za eksirei, hupitisha sindano hadi kwenye mshipa mdogo unaopeleka habari ya maumivu kutoka viungo vya uti wa mgongo. Ncha ya sindano hupashwa moto wa nyuzi 80 hivi kwa muda wa dakika moja au moja na nusu, na mshipa ukaacha kazi yake. Lakini mshipa huo huota tena. Aliyepata nafuu aghalabu huipata kwa miezi, kisha hurudi kulipa upya. Kwa hiyo gharama ya tiba hii haihesabiwi kwa sindano moja: zimo pia sindano za ganzi za majaribio, mashine ya picha, daktari bingwa na marudio.

Je, nafuu hiyo ni ya hakika? Wataalamu wamegawanyika. Mwaka 2016 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ilikubali tiba hii kwa masharti: njia nyingine ziwe zimeshindwa, maumivu yawe ya wastani au makali, na sindano ya majaribio iwe imeleta nafuu. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya majaribio matatu ya Uholanzi yaliyohusu wagonjwa 681. Wote walipewa mazoezi ya viungo, na baadhi yao wakaongezewa kuunguzwa mishipa. Nyongeza hiyo haikuleta tofauti ya maana. Watetezi wa tiba walijibu kuwa wagonjwa walichaguliwa kwa kipimo legevu. Hata hivyo, mwaka 2025 jopo la wataalamu wa kimataifa, katika jarida la BMJ, lilishauri kwa nguvu kwamba tiba hii isitumiwe kwa maumivu sugu ya mgongo yasiyotokana na saratani wala maradhi ya uvimbe wa viungo.

Marekani nayo, pamoja na utajiri wake, imejiwekea mipaka. Medicare, bima ya serikali inayohudumia wazee, hudai mgonjwa apimwe kwanza mara mbili kwa sindano ya ganzi, na kila mara maumivu yapungue kwa asilimia 80 au zaidi. Ikiwa tajiri anafunga mlango wake kwa makomeo mawili, maskini auache wazi kwa hoja gani?

Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2023, ni amana ya wananchi. Tunawashauri wenye dhamana ya afya waandike masharti ya tiba za namna hii mapema, kabla ya wauzaji wa mashine kubisha hodi. Fedha itangulie kwenye yale yaliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Desemba 2023: elimu kwa mgonjwa, mazoezi, na tiba ya viungo kwa mikono. Hayo yanahitaji watu waliofunzwa zaidi ya mitambo, na yanaweza kufikishwa Micheweni na Makunduchi sawasawa na mjini.

Hatusemi mgonjwa apuuzwe. Maumivu sugu humtoa mtu kazini, yakamnyima usingizi, yakaitia dhiki nyumba nzima. Ndiyo maana anastahili kuambiwa ukweli kabla jamaa zake hawajauza kiwanja wampeleke ng'ambo: nafuu anayoahidiwa ina shaka, na hata ikipatikana huenda isidumu. Daktari anayeyaeleza hayo waziwazi huihifadhi mali ya mgonjwa na ya umma kwa pamoja.