Tishio Limo Katika Mikataba

Ndugu Waislamu, Marekani inatuhimiza tuiogope China, dola inayoinuka. Lakini Marekani yenyewe ina kambi ya jeshi Djibouti tangu mwaka 2002. China ilifungua yake huko huko mwaka 2017. Ikiwa kambi ya kigeni ni hatari, basi zote mbili ni hatari.

Je, China ni tishio kwa usalama wa taifa letu? Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa na Wachina miaka ya 1970 kwa mkopo usio na riba, wala haikutunyang'anya uhuru. Hata hivyo, China ya leo inafanya biashara. Mwaka 2013 tulitiliana nayo saini makubaliano ya bandari ya Bagamoyo. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliyakataa hadharani masharti yake, likiwemo la kupangisha ardhi miaka 99. Je, asingetokea wa kuyakataa? Hatari ile haikuja na manowari. Ilikuja na karatasi, na kalamu ilikuwa mkononi mwetu.

Mkulima wa ufuta hapa Chemba hauzi gunia bila kuiona mizani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Mashahidi wa deni la taifa ni Bunge na wananchi. Basi tudai kila mkataba usomwe hadharani kabla ya kutiwa saini, awe mwenzetu ni Mchina, Mmarekani au ndugu yetu Mwarabu.

Wabillahi tawfiq.