Tuambieni Mnatubandika Nini

Kaa nyuma ya lori la kokoto linalotoka Lugoba, ulifuate kutoka Chalinze mpaka Kibaha, ndipo utajua kwa nini tunaulizia hii plastiki ya kukinga rangi ya gari, PPF. Turubai halijafungwa. Gurudumu likiingia kwenye shimo, kokoto mbili tatu zinaruka, na ile "ta!" kwenye boneti unaisikia mpaka kifuani. Ukiingia mjini unapokelewa na usukani wa bodaboda unaojipenyeza kwenye foleni, na jioni kuna kona ya uchochoro wa nyumbani, ukuta huku na ukuta kule. Sisi si matajiri. Gari ni la mtumba kutoka Japani, limenunuliwa kwa mkopo wa SACCOS, na siku tukiliuza jambo la kwanza mnunuzi atakalouliza ni kama rangi ni ya kiwandani au limeshapulizwa.

Kwa hiyo kulivisha gari kinga si kujionyesha. Kinachotuuma ni kwamba tukifika dukani hatuambiwi tunauziwa nini. Kila kitu ni "PPF, bosi, orijino." Ukiuliza imetengenezwa na nini, unaonyeshwa picha za magari yanayong'aa.

Tumelazimika kujifunza wenyewe, tena baada ya kulipa. Kinga ya kweli ni TPU, plastiki laini ya jamii ya poliyurethani. Ukiivuta inanyumbuka, ukiiachia inarudi. Aina hii ya kinga ilianza kwa jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, ikibandikwa kwenye mapanga ya helikopta yasiliwe na mchanga. Unene wake huwa kati ya maikroni 150 na 200 hivi, yaani kama nywele mbili tatu za kichwa zikilazwa pamoja, na unene huo ndio unaopokea pigo la kokoto. Zilizo bora zina tabaka la juu ambalo mkwaruzo mdogo hujifunga ukipata joto la jua au maji ya moto. Kisha kuna PVC, ndugu yake mabomba ya maji. Nayo inang'aa siku ya kwanza, nayo inabandikwa kwa maji ya sabuni, lakini juani hukakamaa, ikapasuka, ikageuka njano. Halafu kuna seramiki, ambayo ni maji ya kupaka tu. Inasaidia uchafu na kinyesi cha ndege visigande. Kokoto haiizuii, lakini wapo wanaotuapia kwamba inaizuia.

Mwenzetu mmoja alibandikiwa gari jeupe lote. Aliahidiwa miaka mitano, kwa mdomo. Mwaka wa pili boneti ilikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara. Aliporudi dukani akaambiwa ni jua la Dar es Salaam. Jua hilo lilikuwepo siku mlipopokea hela yake! Kubandua kukawa msiba mwingine: kitu kile kilitoka vipande vipande, gundi ikabaki, na kwenye bampa, ambalo liliwahi kupulizwa gereji, rangi ikaondoka pamoja na plastiki. Hakuna aliyemwuliza mwanzoni kama gari limewahi kupigwa rangi. Swali hilo halichukui hata dakika moja, na fundi yeyote anayeijua kazi anajua kwamba rangi ya kupuliza haishiki bodi kama ya kiwandani.

Tena kuna wembe. Wenye vifaa hukata vipande kwa mashine, kwa vipimo vya gari lenyewe, ndipo wanabandika. Wengi wetu tumekatiwa palepale juu ya mlango, kwa macho na mkono. Mkono ukizidi kidogo, rangi imechanjwa hadi kwenye bati, na wewe huoni kwa sababu plastiki imefunika. Kwa sisi wa Kigamboni na Mbezi Beach, upepo wa chumvi utaukuta huo mchanjo, na kutu itaanza kimya kimya. Fundi mzuri wa kukata kwa mkono yupo, na tunamheshimu. Tunachotaka ni kujua mapema kama ni yeye atakayeshika wembe au kijana anayejifunza juu ya gari letu.

Hatuombi bei ya kutupa. Tutabandika bampa na boneti tu kama hela haifiki, maana huko mbele ndiko kokoto zinakotua. Tunaomba roli ifunguliwe mbele yetu, tusome lebo. Tukatiwe kipande tukivute kwa mikono, tukikwaruze, tukimwagie maji ya chai tuone. Risiti iandike ni TPU au PVC, unene gani, dhamana ya miaka mingapi, na kama inahusu njano na kupasuka au kubanduka peke yake. Duka linaloiamini bidhaa yake litapoteza nini kwa kuyaandika hayo?

Na nyie madereva wa malori ya kokoto, ndugu zetu, turubai lipo. Tunaliona limekunjwa hapo nyuma ya kichwa cha lori. Lifungeni.