Filamu Iliyoikimbia Hatia Yake

Wenzangu hapa bwenini wanaisifu I Know What You Did Last Summer, ya mwaka 1997. Sibishi yote. Helen anavyokimbizwa na mvuvi mwenye ndoano, gwaride likipita hatua chache tu na hakuna anayemsikia, bado jasho linanitoka. Mwanzo nao umetulia: vijana wanne wanamgonga mtu usiku, wanamtupa majini, wanaapa kunyamaza.

Kisha filamu inaingiwa na woga. Tunaambiwa aliyegongwa ni muuaji, tena alikuwa ametoka kuua usiku uleule. Hatia inayeyuka, zinabaki mbio. Katika riwaya ya Lois Duncan ya mwaka 1973, iliyozaa filamu hii, aliyegongwa ni mtoto mwenye baiskeli. Hana kosa, wala harudi.

Nimekulia kando ya barabara kuu. Namjua mama ambaye mwanawe aligongwa, dereva asisimame. Huyo dereva hajafuatwa na mtu mwenye ndoano. Kinachonitisha ni hicho: kwamba mtu anaweza kunyamaza, akahitimu, akaoa, na usingizi akaupata.

Msiniambie ni filamu ya vijana tu. Vijana tungeyaweza hayo. Mngetuachia yule mtoto.