UFUNDI WA KIJIJINI: Dungu imara hulinda mpunga na mlinzi

Ukitoka Ipinda kwenda Matema unapita kando ya mashamba ya mpunga. Mbele yako ni Ziwa Nyasa. Upande wa mashariki ni Milima ya Livingstone. Ardhi hii ina rutuba, na mvua zake ni nyingi. Mchele wa Kyela unajulikana nchi nzima kwa harufu yake nzuri.

Lakini mpunga una adui. Adui huyo ni mdogo, tena anaruka. Ni ndege.

Mpunga ukishatoa maua, punje huanza kujaa. Ukiiminya punje changa hutoa maji meupe kama maziwa. Ndege hupenda sana punje za namna hiyo. Tangu maua hadi kuvuna ni siku 30 hivi. Katika siku hizo mkulima asipolinda shamba, kazi ya msimu mzima inaweza kupotea.

Tupige hesabu kidogo. Ndege aitwaye kwelea kwelea ana uzito usiozidi gramu 20 hivi. Lakini kwa siku moja anaweza kula gramu 10 za nafaka. Ndege 1,000 hula kilo 10 kwa siku. Kundi la ndege 1,000,000 hula tani 10 kwa siku. Makundi makubwa ya kwelea kwelea ni kazi ya wataalamu. Ukiyaona, mwarifu afisa kilimo mara moja. Lakini ndege wa makundi madogo hufukuzwa na mkulima mwenyewe. Ndiyo maana tunajenga dungu.

Dungu ni nini?

Dungu ni sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo. Watu wengine huiita ulingo. Mlinzi hukaa juu yake, akaona shamba lote.

Watu wengi hujenga dungu kwa haraka. Huchimba mashimo mafupi. Hufunga miti kwa kamba za magome. Husema, "Ni la mwezi mmoja tu." Kisha humpandisha mtoto. Mvua hunyesha, udongo hulainika, kamba hulegea. Dungu huinama, na mtoto huanguka. Mpunga ulioliwa na ndege utalimwa tena mwakani. Mgongo uliovunjika haupandwi tena.

Basi dungu si kichanja cha kuanikia vyombo. Dungu hubeba mtu. Tulijenge kama tunavyojenga nyumba.

Wakati wa kujenga

Jenga kabla ya mvua kubwa. Wakati huo udongo ni mkavu na unashika nguzo vizuri. Usingoje mpaka shamba lijae maji.

Chagua mahali palipoinuka, kama vile tuta pana au ukingo wa shamba. Usijenge chini ya nyaya za umeme. Usijenge karibu na mti mrefu.

Vifaa

1. Nguzo 4 za mkaratusi. Kila nguzo iwe na urefu wa mita 4 na sentimita 20. Unene wake uwe sentimita 10 hadi 12. Huo ni kama unene wa mguu wa mtu mzima chini ya goti.

2. Boriti 2 za kubeba sakafu, zenye unene kama wa nguzo. Kila moja iwe na urefu wa mita 2 na nusu.

3. Miti midogo 7 ya kulalia mianzi, yenye urefu wa mita 2.

4. Mianzi ya sakafu, miti ya kuegesha, fito za kizuizi na miti miwili ya ngazi.

5. Misumari ya inchi 5, waya wa kufungia, na nyasi za kuezekea.

Ondoa magome ya nguzo, kisha zikaushe. Gome huficha wadudu na hushika unyevu.

Usikate miti kando ya mto au ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa maji. Miti hiyo hushika udongo. Ikiisha, ukingo hubomoka na mto huingia mashambani. Watu wa bondeni wanajua gharama ya mafuriko.

Kuhusu mianzi, watu wa Kyela hawahitaji kufundishwa sana. Wazee wao walijenga nyumba nzuri za mianzi. Tukumbuke jambo moja tu. Mwanzi mchanga huliwa upesi na wadudu. Kata mwanzi uliokomaa, wenye miaka 3 au zaidi. Mwanzi mchanga bado una maganda na unga mweupe. Uliokomaa una madoa, na ukiugonga hulia kwa sauti kavu. Ukiweza, ulaze kwenye maji yanayotembea kwa wiki 3 au 4, halafu uukaushe kivulini. Maji huondoa wanga ambao wadudu huufuata.

Kusimamisha nguzo

Pima mstatili wenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 na nusu. Chimba shimo kila pembe. Kila shimo liwe na kina cha sentimita 75.

Weka jiwe bapa chini ya shimo. Jiwe huzuia nguzo isizame kwenye udongo laini. Simamisha nguzo. Jaza mawe na udongo kidogo kidogo. Kila ukijaza sentimita 15, shindilia kwa mti mpaka udongo ukaze. Ukijaza shimo lote kwa mara moja, utakaza juu tu. Chini patabaki pamelegea.

Sakafu

Sakafu iwe mita 2 kutoka ardhini. Urefu huo unatosha kuona juu ya mpunga. Usiongeze urefu kwa ajili ya fahari. Kila unavyopanda juu, dungu huyumba zaidi, na anayeanguka huumia zaidi.

Katika kila nguzo chonga kikalio kidogo cha boriti, kina cha sentimita 2 tu. Ukichonga zaidi utaidhoofisha nguzo. Laza boriti kwenye kikalio. Pigilia kipande cha mti imara chini yake. Kisha piga msumari na funga waya mizunguko mitatu. Msumari peke yake usiachiwe kubeba mtu. Boriti ikalie mti, na msumari uizuie tu isitoke.

Laza ile miti midogo 7 juu ya boriti, kuvuka upana wa dungu. Acha sentimita 30 hivi kati ya mti na mti. Halafu panga mianzi mizima juu yake. Mwanya kati ya mwanzi na mwanzi usipite unene wa kidole. Funga kila mwanzi kwa waya. Mwanzi usiofungwa huzunguka chini ya mguu.

Miti ya kuegesha

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Ndugu msomaji, fanya jaribio hili. Chukua vijiti 4, uvifunge pembe kwa pembe kama fremu ya dirisha. Sukuma pembe moja. Fremu inalala. Sasa ongeza kijiti cha tano kutoka pembe hadi pembe. Sukuma tena. Fremu haiendi popote.

Dungu lako ni kama ile fremu. Nguzo nne nene bila mti wa mshazari zinaweza kulala kwa upepo. Na hapa pana upepo. Mwera huvuma kutoka kusini mwa ziwa kwa nguvu, hasa kati ya Mei na Agosti. Mvuvi wa Matema anaujua vizuri.

Kwa hiyo weka mti mmoja wa mshazari kila upande wa dungu. Uanze karibu na ardhi kwenye nguzo moja, uishie karibu na sakafu kwenye nguzo ya pili. Pande zote nne zipate.

Kizuizi na ngazi

Zungusha fito tatu juu ya sakafu. Ya kwanza iwe sentimita 25 kutoka sakafuni. Ya pili iwe sentimita 55. Ya tatu iwe sentimita 90. Ukiweka ya juu peke yake, mtoto aliyekaa atateleza chini yake. Acha nafasi ya kuingilia, na nafasi hiyo iwe na mti wa kufungia.

Ngazi ifungwe kwenye dungu. Isiegemezwe tu. Chini iwe nusu mita kutoka dungu. Vipandio viachane kwa sentimita 30. Miti ya ngazi ipite juu ya sakafu kwa sentimita 90, ili anayepanda apate mahali pa kushika. Mianzi iliyolowa huteleza. Usipande na viatu vyenye tope.

Paa

Ezeka paa dogo la pande mbili. Paa la nyasi liwe na mteremko mkali, la sivyo litavuja. Lisitokeze sana nje, maana upepo utalishika kama tanga la jahazi.

Paa hilo ni la kuzuia mvua na jua. Si la kukaliwa. Hii ni sheria ya kila mahali, si ya shambani tu. Pwani ya Matema hufika wageni wenye magari na matela ya kupigia kambi. Wengine hujenga sakafu juu ya paa la tela ili wakae juu na kutazama ziwa. Nao wana kazi ileile. Bati jembamba la paa halibebi watu. Uzito lazima ushuke kwenye nguzo, na nguzo ziushushe kwenye fremu ya chuma ya tela. Tena tela lenye mzigo juu hupinduka upesi kwenye kona. Kwa hiyo watu hushuka kabla ya safari. Vijana wanaopanda juu ya magunia kwenye tela la trekta wafikirie jambo hilo.

Jaribu kabla ya kupanda

Dungu hili ni la watu wawili, si zaidi. Kila mwenye mtumbwi anajua idadi ya watu wake. Mwenye dungu naye ajue.

Lijaribu kwa mchanga. Debe moja la mchanga lina zaidi ya kilo 30. Madebe 9 ni karibu mara mbili ya uzito wa watu wazima wawili. Leta tela la ng'ombe kando ya dungu. Simama juu ya tela, upange mifuko ya mchanga kwenye sakafu. Mtu yeyote asikae chini ya dungu. Uache mzigo usiku mmoja. Asubuhi tazama. Je, nguzo imezama? Je, boriti imepinda? Je, waya umelegea? Rekebisha, kisha jaribu tena.

Kila msimu kagua nguzo pale zinapoingia ardhini. Hapo ndipo huanza kuoza. Choma kisu. Kikizama kwa urahisi, badilisha nguzo.

Kulinda shamba ukiwa juu

Toka dunguni na kamba nne au tano kwenda kila pembe ya shamba. Zifunge kwenye vijiti, utundike makopo matupu. Ukivuta kamba, makopo hulia mbali. Mtu mmoja aliyekaa hulinda shamba zima. Hana haja ya kukimbia ndani ya mpunga na kuukanyaga.

Radi ikianza kunguruma, shuka mara moja. Dungu ni kitu kirefu katika uwanja wa maji. Usijifiche chini yake, wala chini ya mti. Nenda kwenye nyumba imara. Rudi nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Ndege watakula kidogo. Waache wale.

Nani akae dunguni?

Ndege hula sana asubuhi, tangu saa 12 hadi saa 3 au 4. Hula tena jioni. Asubuhi ni saa ya shule. Elimu ya msingi ni ya lazima kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kazi zinazomnyima mtoto masomo.

Basi jirani wenye mashamba yaliyopakana wakae pamoja. Wajenge dungu moja mpakani. Wapange zamu za watu wazima. Kaya nne zikishirikiana, kila kaya inalinda siku moja kati ya nne. Siku tatu zinabaki kwa kazi nyingine, na mtoto anabaki darasani. Gharama ya nguzo na misumari nayo hugawanywa kwa nne.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini tunaweka jiwe bapa chini ya nguzo?
2. Mti wa mshazari unafanya kazi gani?
3. Katika kitongoji chenu nani hulinda mpunga asubuhi? Je, yuko shuleni wakati huo?
4. Ni kaya zipi zinazoweza kujenga dungu moja pamoja?

Someni maswali haya kwa sauti, mjadiliane. Kisha nendeni shambani mkayatikise madungu yenu. Dungu linaloyumba leo lisipandwe kesho.