Damu ya Sharubati na Hofu ya Kweli

Zamani sinema ilikuwa safari ya mjini. Leo mkazi wa Ole, Kisiwani Pemba, hana haja ya kufunga safari hiyo. Mwaka 2010 umeme uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga uliwasili Pemba, na sasa sinema imo sebuleni. Tena imo mfukoni mwa kijana, ndani ya simu. Pamoja na mema yake, zimeingia pia sinema za muuaji aliyefunika uso, ashikaye kisu na kuwawinda vijana usiku, mmoja baada ya mwingine. Akiuawa katika sehemu ya kwanza, hufufuka katika sehemu ya pili. Mtoto huitazama kwa siri, na usiku ukiingia hathubutu kwenda msalani peke yake.

Je, mzazi afanyeje? Wengi wetu hukaripia, na wengine huchukua fimbo. Lakini fimbo humfundisha mtoto kuficha alichokiona, haimwondolei hofu. Iko dawa nyingine, nayo ni kumfunulia jinsi sinema ile ilivyotengenezwa.

Tuchukue mfano wa sinema ya Kimarekani iitwayo Halloween, iliyotoka mwaka 1978. Muuaji wake, Michael Myers, huvaa uso mweupe usiocheka wala kununa. Uso huo ulikuwa kinyago cha dukani kilichofananishwa na mwigizaji William Shatner, kilichonunuliwa kwa bei isiyofika dola mbili. Watengenezaji walikipaka rangi nyeupe na kuyapanua matundu ya macho. Hadithi yasemekana ni ya mwezi wa Oktoba, majani yanapopukutika, lakini picha zilipigwa California wakati wa majira ya kuchipua. Basi majani makavu yalipakwa rangi, yakamwagwa barabarani, na picha ikiisha yakaokotwa ili yatumike tena.

Sehemu ya pili ilitoka mwaka 1981, na hapo ndipo ufundi ulipojaribiwa. Hadithi yaendelea usiku ule ule, ilhali miaka mitatu ilikwisha kupita. Jamie Lee Curtis, aliyeigiza msichana anayewindwa, alikuwa amezikata nywele zake. Ikabidi avae wigi. Kinyago kilikuwa kile kile cha zamani, lakini kilikwisha kuchakaa na kubadilika rangi. Hata muuaji hakuwa yule yule: safari hii alivaa kinyago Dick Warlock, bingwa wa michezo ya hatari, ambaye umbo lake lilitofautiana na la mwenziwe wa kwanza. Atembeapo huku akiwaka moto mwishoni, ni fundi aliyevaa mavazi ya kumkinga.

Na ile damu? Mwongozaji Rick Rosenthal alipoimaliza kazi, John Carpenter, aliyeiongoza sehemu ya kwanza, aliona haitishi vya kutosha. Akapiga picha nyingine za kuongeza damu. Damu ya sinema kwa kawaida ni sharubati nzito ya mahindi iliyotiwa rangi ya chakula. Katika Psycho ya mwaka 1960, sinema isiyo ya rangi, damu ilikuwa maji mazito ya chokoleti!

Jeraha la kweli huja kwa ajali. Katika sehemu ya pili ya Friday the 13th, iliyotoka pia mwaka 1981, muuaji alifunikwa mfuko wa kitambaa kichwani. Aliyekuwa ndani ya mfuko huo katika mapigano ya mwisho alipigwa panga kidoleni kwa bahati mbaya, akapelekwa hospitali kushonwa. Basi siku ile aliyeumia alikuwa muuaji, na aliyemuumiza ni msichana aliyepaswa kuwa mhanga wake.

Pengine msomaji atasema haya ni mambo ya kuchekesha tu. La, sivyo. Hofu isiyoelezwa haikai kwenye kioo cha televisheni. Wazee wa Pemba na Unguja wanaukumbuka mwaka 1995, ilipoenea hofu ya popobawa, na watu wakalala nje kwa makundi wakiogopa kuwa peke yao. Hapakuwa na sinema wala kinyago. Palikuwa na uvumi uliopita nyumba kwa nyumba. Lakini mjini Unguja mgonjwa mmoja wa akili alidhaniwa kuwa ndiye popobawa, umati ukamuua. Damu ile haikuwa sharubati. Mtu asiyefundishwa kuuliza, “Nani amesema, naye amejuaje?” aweza kumwogopa jirani yake, na hatimaye akamdhuru.

Kwa hiyo, wazazi, msiwaruhusu wadogo kutazama sinema hizi. Si chakula chao hata zikielezwa. Lakini mtoto akiwa amekwisha kuiona, keti naye mchana, nyote mkiwa mmetulia. Muulize: yule msichana alipokuwa “peke yake” gizani, nani alikuwa ameshika kamera? Nani aliwasha taa tukamwona? Nani aliyempaka damu shavuni? Mwache ahesabu mafundi mmoja mmoja kwa vidole. Vidole vya mkono mmoja vikimwishia, utamwona ameanza kucheka.